Mate ya Watu Kumi na Saba

Herieth alipoitwa ofisini kwa Daktari Gozbert Jumanne asubuhi, alidhani anakwenda kusifiwa. Alikuwa na haki ya kudhani hivyo. Kati ya wakusanyaji wanane wa mradi, ni yeye peke yake aliyekamilisha watu wake sitini kabla ya tarehe, tena Manzese, ambako wenzake wawili waliomtangulia walirudi na visanduku vya barafu vitupu na matusi tele masikioni. Akakaza kilemba, akafuta viatu kwa nyuma ya miguu, akabisha hodi.

Mradi wenyewe ulikuwa wa mate. Anayetaka kucheka acheke, ila amalizapo kucheka ajiulize: kwa nini watu wawili hula sukari ileile na kunywa soda ileile, mmoja akifika miaka thelathini meno yamekwisha kuoza, mwingine akaenda kaburini na meno yote? Wataalamu wanasema sehemu kubwa ya jibu imo kwenye mate, yamebeba nini na yanaiua asidi kwa kasi gani. Basi mradi ulikagua meno ya watu kwanza, kisha ukachukua kichupa kimoja cha mate kwa kila mtu, ili viwili hivyo vilinganishwe. Kazi ya Herieth ilikuwa hicho kichupa.

Daktari Gozbert hakumkaribisha kiti. Alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, daktari wa meno anayeongea kwa sauti ya chini hata akikasirika. Aligeuza kompyuta ili naye aone.

"Hawa ni watu wako wa uchochoro wa Marietha, balozi wa nyumba kumi," alisema. "Kumi na saba. Soma."

Herieth akasoma. Ilikuwa mistari kumi na saba ya tarakimu, na mstari wa kwanza haukutofautiana na wa mwisho.

"Mashine imeharibika?"

"Nilifikiri hivyo. Tumerudia mara tatu." Akavua miwani. "Mwanzo nilifurahi, sikufichi. Mate haya yanaiua asidi kuliko yoyote niliyowahi kupima. Mwenye mate haya jino lake halitoboki kirahisi. Nikasema, hapa tumepata. Halafu nikafungua fomu za meno za watu haohao. Kumi na wawili wana meno mabovu. Mmoja ana mashimo tisa. Mate na meno havioani."

Herieth akairudia ile mistari, akaisoma tena.

"Jana tukapima urea," Daktari aliendelea. "Ni ule uchafu ambao figo hutakiwa kuutoa kwa mkojo. Figo zikishindwa, uchafu unajaa kwenye damu, na mwingine unatokea mdomoni. Huo ndio unaoiua asidi na kulinda meno. Kwa hiyo hiki tulichokiona si kipaji, Herieth. Mwenye mate haya figo zake zinakufa, na hana muda mrefu."

Herieth akakaa bila kukaribishwa. Kama kiti kisingekuwapo angekaa sakafuni.

"Sasa niambie. Ama watu kumi na saba wa uchochoro mmoja wanakunywa sumu, ama kuna jambo silijui. Uliwaona wakitema? Kila mmoja, mbele ya macho yako?"

"Niliwaona, Daktari."

Njia ya mwongo ni fupi, wakubwa wamesema, na Herieth aliuona mwisho wa njia yake kabla hajafunga mdomo. Daktari akavaa miwani. Kesho saa mbili asubuhi, alisema, atakwenda Manzese na manesi, wachukue damu ya wote kumi na saba na kuwaeleza sababu. Mwenye mate yale, akiwa mmoja au wengi, hawezi kusubiri. Mpaka sasa mate hayo yana majuma matatu kwenye jokofu, na kila siku inayopita ni siku aliyonyimwa mgonjwa.

Ukweli ulikuwa huu. Sheria ya mradi ilisema mtoa mate akae kitini, ainamishe kichwa, ayaache mate yadondoke kichupani kwa dakika tano, na mkusanyaji awe anamtazama. Aliyeiandika sheria hiyo hakuwahi kuishi Manzese. Kule ukitema mate mbele ya mtu umemtukana, na ukiyatema mbele ya mgeni umemtukana mgeni, nyumba yake na waliomzaa. Wanaume waligoma wakiwa wamesimama. Wanawake walicheka mpaka wakajifunika khanga. Herieth, aliyezaliwa humohumo na kufundishwa adabu hiyohiyo, aliona aibu kuliko wao. Uchochoro mmoja baada ya mwingine aliwageuzia mgongo wakatema. Alipofika ule wa kwao, akashindwa hata kugeuza mgongo. Akamwachia balozi vichupa kumi na saba vyenye namba, akasema atavipitia kesho kutwa. Alipovipitia vilikuwa vimejaa, vimefunikwa vizuri, ndani ya bakuli la maji baridi. Akashukuru, akaweka sahihi mara kumi na saba mahali palipoandikwa: nimeshuhudia.

Sasa alijua kwamba mtu mmoja ndiye aliyetema vyote. Hakumjua ni nani, na alikuwa na saa zilizobaki za siku hiyo kumjua. La sivyo kesho watu kumi na saba wangeambiwa wanakufa, na anayekufa kweli huenda asingekuwamo.

Alifika Manzese adhuhuri. Njiani alikuwa amewapitia wote kichwani, mmoja mmoja, akitafuta aliyekonda, aliyevimba, anayekohoa. Alimshuku Venance fundi seremala, kwa sababu ya pombe. Akamshuku mke wa Adelard, aliyejifungua mwezi wa sita akawa hatoki ndani. Watu wa nyumbani kwao hakuwahesabu, maana hawakuwamo. Baba yake, mzee Albano mchonga vinyago, alikwisha kufa, na mama yake, Rosalia, aliyebaki peke yake nyumba ya nne, alikuwa na miaka sitini na mmoja. Mradi ulitaka watu wasiozidi hamsini. Tangu ahamie chumba cha kupanga Mbezi Luis, Herieth alikuwa akija kumwona kila Jumapili baada ya misa.

Marietha, balozi, ambaye uchochoro mzima unamwita Mama Fransis, alikuwa mlangoni kwake akikaanga mihogo.

"Shikamoo, Mama Fransis."

"Marahaba mwanangu. Jumanne leo, umefukuzwa kazi?"

"Bado. Mama Fransis, vile vichupa vyangu, nani alitema?"

"Wenyewe."

"Mama Fransis."

Marietha akageuza mihogo ambayo haikuhitaji kugeuzwa. "Walikataa, mwanangu," alisema. "Wote. Miswaki na dawa ya meno walishapewa siku ya kukaguliwa, wakaona yatosha. Venance akatangaza kwamba mate yanapelekwa kwa frimasoni. Mkewe akasema hata kama si frimasoni, mate ya mtu ni mtu mwenyewe, huwezi kumpa mtu aende nayo usikokujua. Wewe umeshaondoka, vichupa nimebaki navyo mie. Ningefanyaje?"

"Sijaja kugombana. Nataka jina moja tu. Mwenye yale mate anaumwa. Figo zake zinakufa. Tumechelewa majuma matatu, na asipopatikana leo sijui itakuwaje."

Mwiko ukasimama kwenye mafuta. Mihogo ikaanza kuungua, Marietha akiitazama tu inavyoungua.

"Rudia ulichosema."

Herieth akarudia, polepole. Alipomaliza, yule mwanamke mnene, aliyezoea kuamua ugomvi wa nyumba kumi kwa kukohoa tu, alijishusha chini akakaa kwenye vumbi, miguu mbele, na khanga yake nzuri.

"Ni mama yako," alisema.

Herieth akacheka. Kilimtoka tu, kicheko kifupi, na aliaibika nacho kwa muda mrefu baadaye. "Mama hayumo kwenye orodha," alisema.

"Kwenye orodha hayumo. Kwenye vichupa yumo. Vyote."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na sasa kata ilianza kuimwaga. Rosalia alikuwa amekuja jioni ileile kuuliza mwanawe amepata watu wangapi. Akaambiwa wamegoma. Akasema vichupa viletwe kwake. "Nikamuuliza, dada Rosalia, huogopi? Akaniambia, kama ni mchawi atayapata, basi ayapate kwa ajili ya mwanangu, nitafanyaje. Akakaa uani siku mbili, mwanangu. Mdomo wake ulikuwa mkavu, mate hayaji kabisa. Akawa ananusa ndimu iliyokatwa ili yaje. Kichupa kimoja kilimchukua nusu saa, kingine zaidi. Na sie tumekaa pale tunamtania. Tunamwambia Rosalia, umekauka, unahitaji mume." Marietha akajifuta uso kwa kiganja chenye unga. "Tulicheka siku mbili, Herieth. Mungu atusamehe."

Kutoka kwa Marietha hadi nyumba ya nne ni hatua arobaini. Herieth hakukumbuka hata moja.

Mama yake alikuwa uani, amekaa mkekani, anachambua kisamvu. Alimwona binti siku isiyo yake, akatabasamu kabla hajashangaa. Ilikuwa sura ileile ya Jumapili, na Herieth aliitazama kana kwamba ameletewa picha ya mtu akaulizwa unamjua. Chini ya macho palikuwa pamevimba. Ngozi ilikuwa na rangi ya majivu. Kandambili zilikuwa zimevuliwa, na mikanda yake ilikuwa imeacha mfereji juu ya kila mguu.

Akapiga magoti, hakuamkia. Akaubonyeza mguu wa mama yake kwa dole gumba, juu ya kifundo, akaliondoa. Kishimo kikabaki. Alihesabu mpaka kumi, na kishimo kilikuwa bado kipo.

"Unanifanya nini?" Rosalia aliuliza. "Huo ni uzee. Viatu vyote vimenibana."

"Mdomo, mama. Mdomo unauonaje?"

"Mdomo una nini?"

"Chakula kina ladha gani?"

Rosalia akafikiri, kwa kuwa alipenda kujibu maswali ya mwanawe sawasawa. "Ladha ya sarafu," alisema. "Kama nimelamba shilingi. Toka Kwaresma hivyo. Nyama ndiyo siiwezi kabisa, naitapika. Si nilikwambiaga?"

Alimwambia, ni kweli. Alimwambia Jumapili tatu mfululizo, na Herieth akajibu kwamba mama anazidisha kudeka, ale, nyama ni ghali. Na lilikuwapo jambo jingine. Mwezi uliopita, alipomkumbatia kuaga, alisikia harufu mdomoni mwa mama yake, harufu ya mkojo uliolala. Aliisikia vizuri. Yeye, mtaalamu wa midomo ya watu, aliyejaza daftari zima kuhusu harufu na rangi na wingi wa mate. Na alichofanya ni kumletea Jumapili iliyofuata bomba la dawa ya meno la mradi, bure, na kumwambia kwa upole apige mswaki usiku pia.

Rosalia alikuwa amelitumia lote. Alionyesha kwa kidevu bomba lililokunjwa mpaka shingoni, juu ya ukingo wa dirisha. "Ilikuwa nzuri," alisema. "Ila ladha haikuondoka."

Herieth akalia kama mtoto, kifua kizima, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, juu ya majani ya kisamvu. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo watu husema, nao husema kwa kumlaumu mgonjwa. Rosalia hakuficha kitu. Aliyasema maradhi yake mezani, kwa dalili na kwa tarehe, mbele ya mtu aliyelipwa kusikiliza mambo hayohayo kutoka kwa wageni.

Alipoweza kuongea akapiga simu. Hakwenda pembeni.

"Daktari, nilikudanganya. Sikuwaona wakitema. Niliacha vichupa."

"Kwa hiyo ni mtu mmoja."

"Mmoja."

"Umempata?"

"Ni mama yangu."

Alisikia kiti cha ofisini kikisogezwa. Daktari Gozbert alipozungumza tena, sauti ilikuwa ileile ya chini. "Mlete leo, usingoje kesho. Nampigia daktari wa figo, mtapokewa. Mengine tutayazungumza baadaye, na Herieth, tutayazungumza."

Rosalia alikuwa amesikia upande mmoja, na kwa mama upande mmoja humtosha. Swali lake la kwanza halikuwa la figo.

"Watakuachisha kazi?"

"Huenda."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yangu, mama. Mie ndiye niliyeweka sahihi."

"Nipeleke kwa huyo daktari wenu nikamwambie. Nilijitolea mwenyewe, hukujua chochote. Nilikuona Jumapili ile umekaa hapo unahesabu majina, umeshika kichwa. Nikasema mate tu, mate yana nini, si yapo mdomoni hayana kazi?" Akajaribu kuinuka, kisamvu kikamwagika. "Nilitaka nikusaidie, nimekuharibia."

Herieth akajaribu kumwambia kwamba amejiokoa mwenyewe, kwamba bila vile vichupa asingejulikana mpaka siku ya kuanguka. Maneno yalikuwa ya kweli, ila hayakupita. Mama yake alikuwa ameshaanza kulia, kilio kidogo cha aibu, cha mtu aliyevunja chombo cha mwenyewe.

Hakukubali kutoka mpaka aoge na avae gauni la kanisani. Uchochoroni watu walikuwa wamesimama milangoni, maana Marietha hakuweza kuikalia habari ile. Venance alikuwapo, na mkewe, na mke wa Adelard na mtoto mgongoni. Wote walikuwamo kwenye ile mistari kumi na saba, na wote walijua. Hakuna aliyesema pole. Rosalia alipopita aliwaamkia kila mmoja kwa jina lake, nao waliitikia wakitazama chini. Marietha akamshika mkono wa pili, akapanda nao bajaji bila kuaga nyumbani wala kuzima jiko.

Hospitalini walipokewa, kama ilivyoahidiwa. Damu ilichukuliwa, mkojo ukachukuliwa, tumbo likapitishwa kwenye mashine. Jua lilikuwa linaelekea kutua daktari wa figo alipomwita Herieth pembeni. Alikuwa kijana kuliko alivyotarajia. Alisema figo zimebaki na nguvu sehemu saba katika mia. Alisema leo hii wataanza kumsafisha damu kwa mashine, na baada ya leo mara tatu kila wiki, na kwamba neno baada ya leo lenyewe asilichukulie kuwa ahadi. Angekuja majuma matatu yaliyopita, Herieth aliuliza, ingekuwaje? Yule kijana alitazama karatasi zake. Majuma matatu ni mengi kwa hali hii, alisema, lakini hajui, na hapendi kukisia.

Akarudi kwenye chumba. Mama yake alikuwa kitandani, mgongo umeegemezwa mito, Marietha kakaa miguuni pake akisali kimyakimya. Nesi mmoja mcheshi, lafudhi yake ya Kigogo bado haijapotea mjini, alikuwa anatafuta mshipa wa kuwekea mpira, akimwongelesha mgonjwa ili asiutazame mkono.

"Cheka kidogo, bibi, nione," alisema. Rosalia, kwa adabu, akacheka. Nesi akainamisha kichwa amtazame vizuri. "Angalia meno hayo, jamani. Hakuna hata moja lililotoboka. Mie nina miaka ishirini na tisa na nimeshang'oa manne. Bibi, unatumia dawa gani, nikanunue?"

Rosalia alifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake kufunguka, na aliinua mkono usio na sindano kumwonyesha Herieth mlangoni.

"Muulize mwanangu," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yake. Yeye ndiye anayejua kwa nini meno ya mtu yanakuwa mazuri."

Nesi akageuka akimtazama Herieth, anatabasamu, anasubiri. Marietha aliacha kusali. Mama yake pia alikuwa anasubiri, shingo kaiinua juu ya mito, na fahari imemjaa usoni.

"Ni ya kuzaliwa nayo," Herieth alisema, uongo wake wa pili siku ile, akaenda kumshika mkono.